Siku ya Mwisho ya Kiangazi, kwa Mara ya Ishirini na Tatu

Mvua ilikuwa inanyesha, na ilikuwa marufuku kulowa.

Nyanjige alisimama kizingitini akaitazama kwa hasira ya mtu asiye na wa kumgombeza. Ilikuwa mvua ya kweli kweli, mvua isiyobisha hodi. Ilipiga mapaa, ikachimba vishimo uani, ikaubeba uchafu wa miezi saba na kuutembeza mbele za watu. Kumbikumbi walikwisha ruka, wakadondosha mbawa, wakaliwa na kuku. Vyura walikuwa wamefungua mkutano kwenye dimbwi la njia panda, na kila mmoja alikuwa mwenyekiti. Na katikati ya gharika hiyo, upande wa pili wa ua, jirani yake Mbuke alikuwa anaanika maharage.

Alikuwa ametandaza mkeka, akayamwaga, na sasa ameinama anayageuza kwa kiganja ili jua liyapate pande zote. Maji yalipita juu ya mkeka. Maharage kadhaa yalikuwa yameshaanza safari ya kuelekea mtoni, bila kuaga.

"Umeamkaje, mwenzangu?" Mbuke alipaza sauti.

"Salama. Yanakauka?"

"Taratibu tu. Jua la mwaka huu halina makali."

"Mbuke."

"Bee."

"Umelowa chapachapa."

Mbuke aligeuka kushoto, akageuka kulia, akajifuta uso kwa kanga iliyokuwa inachuruzika kuliko uso wenyewe. "Ni jasho hili," alisema. "Kwa joto hili la kiangazi, mwenzangu, mtu utalia."

Njiani akapita Shilinde, mpiga upatu, viatu mkononi, suruali imekunjwa hadi magotini, kwa sababu ya vumbi. Aligonga upatu wake mara tatu. Ulitoa mlio wa sufuria iliyojaa maji, kwa kuwa ulijaa maji.

"Siku ya mwisho ya kiangazi! Mnusaji amenusa, udongo bado! Siku ya mwisho ya kiangazi!"

Ilikuwa mara ya ishirini na tatu.

Katika nchi ile (jina lake lisitusumbue, nchi za namna hiyo huona haya zikitajwa) msimu hauletwi na mawingu. Huletwa na pua. Mawingu yakishajikusanya, donge la udongo huchotwa njia panda, hufungwa kwenye jani la mgomba, hupelekwa barazani kwa Mnusaji. Mnusaji hufumba macho, hunusa, hutulia. Akiipata ile harufu ambayo hata mtoto wa kutambaa anaijua, harufu ya vumbi lililopigwa na tone la kwanza, hutamka neno moja: Umefika. Hapo ndipo majembe hutoka. Hapo ndipo watoto wa kiangazi hupewa majina. Hapo ndipo tarehe husogea. Neno lisipotamkwa, kesho hairuhusiwi kuingia, na siku ya mwisho ya kiangazi hurudiwa toka asubuhi mpaka jioni, kama uji wa shule ya bweni unaoongezwa maji mpaka utoshe watu wote na usimshibishe hata mmoja.

Kwa hiyo aliyekuwa na homa ya siku mbili alikuwa na homa ya siku mbili kwa wiki tatu sasa. Mke wa mhunzi, aliyebakiza siku moja ajifungue, alikuwa bado amebakiza siku moja, na tumbo lilimtangulia kila aendako kama mjumbe. Vijana wawili walioapa kutwangana kesho walikuwa wamekonda kwa kuingojea. Nyanjige mwenyewe hakuwa na hakika tena kama alikuwa na miaka thelathini au amerudi kumi na tisa. Mtu asiyehesabiwa siku huanza kuvuja. Sura ya jana humwingia katika sura ya leo bila mpaka. Asubuhi moja aliinamia ndoo anawe, akakuta uso wa mama yake ndani ya maji unamtazama, umenuna.

Mama yake alikuwa ameketi nyuma ya mlango, juu ya kigoda, amekufa.

Alikufa katikati ya kiangazi, bila makelele, akichambua mboga. Na wafu wa kiangazi hawasafiri katika nchi ile. Huketishwa karibu na mlango, wakatunza mbegu ya nyumba: kiganja kimoja cha mtama mwekundu, kimefumbatwa katika ngumi ya kulia. Msimu ukishatamkwa, mwana huinama akamwambia mfu sikioni: Umefika, fungua. Mkono hufunguka, mbegu huenda shambani, na mfu husimama akashika njia. Njia hiyo inakwenda wapi, hakuna ajuaye. Waendao hawarudi kusimulia, na wabakiao hujifanya wameshasimuliwa.

Sasa mtama ulikuwa umechoka kusubiri. Unyevu wa ukuta uliufikia. Katika siku ya mwisho ya kumi, vimizizi vyeupe vilichungulia kati ya vidole vya mama. Katika siku ya mwisho ya ishirini vilikuwa vimemzunguka kifundo cha mkono kama uzi wa shanga. Na asubuhi hii palikuwa na jani moja la kijani juu ya kidole gumba, limenyooka, halina haya wala adabu.

Nyanjige alijua maana yake. Karibu na kisima palikuwa na kichaka chenye umbo la mtu aliyeketi, na wazazi waliwakataza watoto kukiegemea. Alikuwa mfu wa zamani aliyecheleweshewa neno. Mizizi ilimwingia nyamani. Mkono haukufunguka tena, wala magoti hayakunyooka. Nyumba yake ikakosa mbegu, naye akakosa njia, na sasa mbuzi walikuwa wanamla masikio.

"Wameshasema?" mama aliuliza. Wafu wa kiangazi huwa na swali moja tu, na lake lilikuwa hilo.

"Bado, mama."

"Haya."

Lile *haya* lilimchoma Nyanjige kuliko tusi. Angelia, angelaani, angempiga kibao kwa mkono ule mwingine usio na mtama! Lakini hapana: haya. Nchi nzima ilikuwa inasema haya. Nyanjige alichukua jani la mgomba akatoka, na kabla ya kushika njia ya baraza alipitia kwanza kwenye banda la mbuzi.

*

Baraza la Mnusaji lilikuwa na paa zuri, pana, lisilovuja. Watu walikuwa wamesimama nje ya paa hilo, mvuani, wakijipepea kwa mikono. Chini ya paa, juu ya kiti chenye mito mitatu, alikuwa ameketi Lugembe, Mnusaji wa kumi na moja, na pua yake imefunikwa kitambaa cha hariri, kwa maana pua ile haikuwa yake peke yake, ilikuwa mali ya umma. Machozi yalimlengalenga. Alipumua kwa mdomo. Washauri wake wanne nao walipumua kwa mdomo, kwa heshima, na baraza zima lilisikika kama zizi la ng'ombe waliokimbizwa.

Mafua. Mwanamke yeyote aliyelea mtoto angeyatambua kutoka ng'ambo ya mto. Mafua yaliyoiva, yale ya kuziba matundu yote mawili, ambayo mtu hata ukimpitishia kitunguu puani anakuuliza chakula kitapikwa saa ngapi.

Shilinde alimzuia penye ngazi. "Dada Nyanjige, tuheshimu baraza. Unadondosha maji sakafuni."

"Maji gani, kaka Shilinde?"

 Shilinde aliangalia sakafu, akaangalia mawingu, akaangalia watu waliokuwa wanamwangalia.

"Jasho," alisema. "Unadondosha jasho."

"Basi nipishe, kabla sijakuloweshea na upatu kwa jasho."

Alipiga magoti mbele ya kiti, kwa taratibu zote, kichwa chini, mikono juu, jani la mgomba juu ya mikono. Hakuna aliyewahi kupiga magoti kwa unyenyekevu wa namna ile. "Pua Tukufu," alisema, "nimeleta donge la pili la leo. La njia panda. Naomba linuswe."

Alilifungua jani.

Lilikuwa samadi ya mbuzi, ile ya chini kabisa, iliyolala wiki tatu katika maji ya vitunguu vilivyooza. Harufu ilisimama, ikajinyoosha, ikatembea barazani kama mwenye mali. Mshauri wa kwanza alirudi nyuma hatua mbili. Wa pili alikumbuka ana shughuli. Nje, mvuani, umati uligawanyika kama nywele zilizopitishwa kitana, na mzee mmoja akamwomba Mungu kwa sauti.

Lugembe aliondoa hariri. Alifumba macho. Alivuta pumzi ndefu, yenye mbwembwe, pua ikipiga kelele za bomba lililoziba.

"Vumbi," alisema. "Vumbi kavu, safi. Linanikumbusha kiangazi cha utotoni mwangu."

Watu walipiga makofi. Kwa kuwa kila mtu alikuwa amebana pua kwa mkono mmoja, walipiga kwa kujigonga mapajani.

Nyanjige aliinuka. Kuna hasira inayopanda kama maziwa, unaiona inakuja na unaweza kuipuliza. Na kuna hasira inayokuwapo tu, kama jiwe ndani ya wali. Hii ilikuwa ya pili.

"Ana mafua!" alipiga kelele. "Nyie, ana mafua! Amenusa mavi ya mbuzi akakumbuka utoto! Mnasikia? Pua yake imeziba! Siku ishirini na tatu mnasubiri pua iliyoziba!"

 Hata vyura walisitisha mkutano.

Lugembe hakukasirika. Hilo ndilo lililotisha. Alijifuta macho taratibu, akamwangalia kwa upole wa mwalimu wa zamu aliyemkuta mwanafunzi juu ya ukuta.

"Binti yangu," alisema, "mafua ni ugonjwa wa majira gani?"

"Wa masika. Kila mtu anajua."

"Vizuri. Na masika yamefika?"

Nyanjige alinyoosha kidole nje, kwenye mvua.

"Hayajafika," Lugembe alisema. "Sijayatamka. Basi nitakuwaje na ugonjwa wa msimu ambao haupo?"

"Kunywa basi dawa upone, ndipo unuse!"

"Nipone nini?"

Mshauri wa tatu alicheka, akakohoa, akameza kikohozi chake kabla hakijaulizwa ni cha msimu gani. Umati ulitikisa vichwa kwa mshangao: kweli bwana, huyu mtu ana akili.

Kisha Lugembe akaongeza, kwa sauti ya chini, ya kifamilia: "Nasikia mama yako bado amekaa. Pole. Usije ukafanya haraka, binti yangu. Mfu anayefunguliwa na mdomo wa mtu baki, kabla Mnusaji hajatamka, hupotea njia. Huzunguka milele. Hutaki mama yako azunguke, au unataka?"

Nyanjige akalikunja jani lake la mgomba, akashuka ngazi mbio.

*

Watu hudhani mamlaka ni rungu. Rungu ni la wale wasiojua kazi. Rungu humwacha mtu na uvimbe, na uvimbe ni ushahidi. Mtu anaushika akasema, hapa nilipigwa. Mwenye kujua kazi hushika kile kitu ambacho hakuna anayekijua, akakiweka mfukoni, akakaa juu ya mfuko. Hakuna ajuaye kesho iko wapi: basi atajitokeza mmoja aseme anaisikia harufu yake. Hakuna ajuaye wafu wanakwenda wapi: basi yeye ndiye atakayesema nani amefika na nani anazunguka. Nawe unayempenda mfu wako utanyamaza. Utalowa na kuita jasho. Utaanika maharage mtoni. Hutafanya hivyo kwa ujinga, kwa kuwa ngozi yako inajua fika kwamba imelowa. Utafanya kwa mapenzi, na hapo ndipo mtu hutamani kuvunja kitu. Mvua, ambayo haina mama, ilinyesha tu. Kumbikumbi hawakuuliza. Mtama uliota gizani ndani ya ngumi ya maiti, bila kibali, bila tarehe, bila kumsubiri mtu apenge kamasi.

Nyanjige alikuwa anakimbia kurudi nyumbani. Matope yalimfika magotini, na maneno yalimtoka vipande vipande.

Azunguke. Azunguke wapi? Kwani nani aliwahi kufika? Nani alirudi na tope la huko miguuni akasema, nimefika, pazuri, leteni wengine? Hakuna. Hakuna! Tunaambiwa njia ni moja, na ufunguo wake ni pua. Pua! Kitu chenye matundu mawili na kamasi. Tumempa kamasi kesho yetu ailalie. Na mimi? Mimi ni nani wa kusema wengine? Nimeitikia *bado, mama*, mara ishirini na tatu, na mvua inanisikia. Kama atapotea? Kama kweli atapotea? Akikaa ataliwa masikio. Akienda atapotea. Basi. Basi! Apotee akiwa na miguu.

Mama alikuwa palepale. Mzizi mmoja ulikuwa umepata mlango kwenye kiganja, ngozi imevimba kidogo pale ulipoingia. Majani sasa yalikuwa mawili.

Nyanjige alipiga magoti, safari hii bila taratibu. "Umefika, mama," alinong'ona. "Fungua."

Ngumi haikufunguka.

Akangoja. Alisikia moyo wake, akasikia paa, akasikia kwa mbali upatu wa Shilinde ukirudia uongo wake. Lugembe alikuwa amesema kweli, basi. Mdomo wa mtu baki.

"Nimesema umefika!" Sauti ilimtoka kubwa hata kuku wakaruka. "Mvua inanyesha, mama! Nje kumelowa, mimi nimelowa, Mbuke amelowa, kila mtu amelowa! Fungua mkono!" Na akaushika ule mkono, akaanza kuvifungua vidole yeye mwenyewe, kimoja kimoja, vizito na baridi, mizizi ikikatika kwa mlio mdogo kama wa uzi wa mshonaji. Kidole cha mwisho kilipoachia, ule mzizi ulioingia nyamani ulitoka na kipande cha ngozi. Hapakutoka damu. Yalitoka maji.

Mama akavuta pumzi, pumzi moja, kama mtu aliyeguswa kwa barafu. Akamtazama.

"Na neno lenyewe ulikuwa nalo?" aliuliza.

"Nilikuwa nalo."

"Siku zote hizi?"

"Nilikuwa nasubiri, mama."

"Unamsubiri nani, na mwenye mikono ni wewe?"

Nyanjige alitaka kumweleza habari za baraza, za hariri na mafua na mfu anayezunguka, na kila alipofungua mdomo mambo hayo yalikuwa madogo, ya kipuuzi, hayatoshi hata kujaza kijiko. Mama hakungoja. Alisimama, magoti yakalia, akajitengeneza kanga kiunoni kama mtu anayekwenda shamba, akatoka nje. Akalowa. Maji yalimwingia nyweleni, yakamshuka shingoni, na hapakuwa na wa kumwambia ni jasho.

"Mama! Unaijua njia?"

"Siijui," alijibu bila kugeuka. "Anayeijua nani? Yule wa mafua?"

Pale njia panda alisimama kidogo. Akaangalia kulia. Akaangalia kushoto. Kisha akakanyaga nyasi za katikati, pasipokuwa na njia yoyote, na nyasi zikafunga nyuma yake.

Nyanjige hakulia. Hasira haikumpa nafasi. Aliingia shambani na kiganja kile cha mtama, na alipokifungua akaona kwamba mbegu zilizooza ni nyingi kuliko zilizo hai. Alizitupa moja moja, na kila moja aliijua siku yake. Hii niliogopa. Hii nilisema labda kesho. Hii nilimwambia Mbuke tuwe na subira. Zilizobaki hazikujaza hata kisosi. Alizifukia. Na kadiri alivyopiga jembe, siku zilizozuiliwa zilianza kumfikia zote kwa pamoja, zinasukumana kama watu mlangoni: kucha zilimrefuka, njaa ya wiki tatu ilimkaa tumboni, mvi moja ilimwota juu ya sikio naye akaihisi ikiota. Alikuwa na miaka thelathini na siku ishirini na tatu. Uani kwake palikuwa masika. Nyuma ya ua, hatua nne tu, palikuwa bado kiangazi, na Mbuke alikuwa amesimama hapo na mkeka mtupu.

"Mwenzangu," Mbuke alinong'ona.

Nyanjige aliendelea kuchimba.

"Huko kwako leo ni lini?"

Jembe likashuka tena.

"Niambie tu, sitamwambia mtu. Ukisema umefika, na mimi natoka. Nitasema nimekusikia wewe. Na wengine nitawaambia waje kwako, wakusikilize." Alikuwa ameshika ua kwa mikono miwili, na macho yake yalikuwa yameukazia mdomo wa Nyanjige, yanangoja, yamejaa imani, vilevile macho ya watu barazani yalivyokikazia kile kitambaa cha hariri.

Nyanjige alisimamisha jembe hewani. Kitu kilimtambaa mgongoni ambacho hakikuwa mvua.

"Una jembe, Mbuke?"

"Ninalo, ndiyo."

"Una pua?"

"Mwenzangu jamani! Si hii hapa."

"Basi usiniulize mimi!" alifoka, akalishusha jembe kwa nguvu zake zote, na tope likaruka juu ya ua likawapaka wote wawili.